MJADALA: Ofisa akitekwa vitani, aishie kwenye jina na cheo hata akiteswa?

Mtoa hoja: Kanuni za Maadili za jeshi la Marekani za 1955 zilitaka mateka atoe mambo manne tu: jina, cheo, namba ya utumishi na tarehe ya kuzaliwa. Aliyevuka hapo asivishwe nishani. Bucher, nahodha wa USS Pueblo, meli ya kijasusi ya Marekani, alisaini kukiri ujasusi mikononi mwa Korea Kaskazini mwaka 1968. Naye tumpongeze?

Kasiba: Mkuu, Bucher aliambiwa mabaharia wake watapigwa risasi mbele yake, wakianza na mdogo kuliko wote. Ungefanyaje?

Pwani_Kavu: Mtazameni Stockdale, rubani wa jeshi la majini aliyetunguliwa Vietnam Kaskazini Septemba 1965. Huko Hoa Lo, gereza la Hanoi, mikono ilifungwa kamba nyuma mpaka damu ikakata, kichwa kikasukumwa miguuni. Hapo kila mtu husema kitu. Waliovunjika wakajiona wasaliti, wakawanyamazia wenzao, na mhoji aliutumia ukimya huo.

Ndiyo maana amri za Stockdale kwa mateka wenzake zilitekelezeka: usiwainamie hadharani, usisome redioni, usikiri uhalifu, usiwashukuru siku ya kuachiwa. Kataa mpaka mateso yaanze. Ukizidiwa, toa kidogo kisicho na faida. Kesho kataa upya, waanze moja. Kisha waeleze wenzako ulichosema.

Walielezana kwa kugonga ukuta. Herufi 25 katika safu tano za herufi tano, C ikibeba na K. Unagonga safu kwanza, halafu nafasi. H ni mbili, kisha tatu. Morse, mfumo wa herufi za milio mirefu na mifupi, haikufaa, maana pigo refu na fupi husikika sawa ukutani.

Mtoa hoja: Kila mtu akijipimia maumivu yake, nidhamu iko wapi?

Pwani_Kavu: Iko kwenye amri hizo nne za Stockdale za kutovukwa. Stockdale aliwahi kujichana kichwa na kujiponda uso kwa kigoda ili wasimpige picha za propaganda. Nishani ya Heshima, ya juu kabisa jeshini Marekani, aliyopewa 1976 ilitokana na kujijeruhi karibu kufa, Septemba 1969. Mwaka 1977 hata kanuni zenyewe zililegezwa, sharti la kuishia kwenye mambo manne likaondolewa.

Mtoa hoja: Mbona basi 1973 aliwashtaki maofisa wawili waliokuwa mateka wenzake?

Kasiba: Aliwatuhumu kumsaidia adui, si kuvunjika kwa mateso. Waziri wa jeshi la majini akafuta mashtaka, akawapa barua za karipio.

Mtoa hoja: Karipio bila kesi. Hapo ndipo sikubali.