Bwana afya kanimwagisha wali wa jana, hivi ni sawa kweli?

mama_wawili: Wadau habari zenu. Nina kamgahawa kangu hapa Mbauda, meza nne tu, juzi asubuhi bwana afya kaingia, kaomba vyeti vya vipimo vya wasichana wangu, cha mmoja kimepitwa na muda hapo sikubishana, ila akaenda kufunua sufuria la wali wa jana nilikuwa naupasha wa kula na chai akasema mwaga. Wali haujachacha, haunuki, mwenyewe nishaonja! Kilo mbili hizo jamani. Ni haki yake?

kijana_wa_sakina: Pole dada. Kwani TFDA, ile mamlaka ya chakula na dawa, si ilishavuliwa mambo ya chakula 2019, huyo ana mamlaka gani tena

mpishi_mstaafu: Wewe kijana usimpoteze mwenzio, chakula kilihamia TBS, shirika la viwango, ila bwana afya wa halmashauri hajaenda popote, Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 anayo.

Mama wawili, mimi nimepika hotelini Moshi miaka mingi na nakwambia wali ni mbaya kuliko hata nyama. Kuna kijidudu kinaitwa Bacillus cereus, mbegu zake hazifi kwa kuchemsha, sasa ukiacha sufuria juu ya jiko usiku kucha zinaamka na kutoa sumu, na hiyo sumu hata upashe mpaka ukoko uungue haitoki. Mteja anakunywa chai saa mbili, saa nne anatapika, anasema mchawi ni mtori wa jirani. Kuonja hakukusaidii, hiyo sumu haina harufu yoyote. Na msitegemee baridi ya Arusha, jikoni hata mwezi wa saba sio friji. Ukibaki utandaze kwenye sinia upoe chapchap, ndani ya masaa mawili uwe kwenye friji, kesho pasha mara moja tu mpaka utoe moshi kotekote.

mama_wawili: Kumbe! Mi nilijua kinachoharibu ni kuchacha. Ila friji langu dogo limejaa soda

mpishi_mstaafu: Toa soda. Au pika wa kuisha. Na huyo binti mpeleke akapime choo hata kama anaonekana mzima, mtu anaweza kubeba taifodi haumwi hata kichwa, ndo maana wanataka mrudie kila miezi sita.

kijana_wa_sakina: Sasa mi nimekula kiporo leo asubuhi hapa hapa mtaani 😩

mpishi_mstaafu: Saa ngapi?