MacBook ya 2011 haitoi picha kwenye projekta, naomba ushauri
Wakuu, habari za majukumu. Niko Mwanza, nina MacBook Pro ya 2011, inchi 15, inatumia macOS High Sierra (mfumo endeshi wa zamani wa Apple). Kadi ya picha ya AMD ilianza kuleta mistari, fundi wa Makoroboi akaizima kwa amri, mashine ikabaki na ya Intel peke yake. Kioo chake sasa kiko safi, yule jamaa anajua kazi. Ila nikichomeka projekta, haionekani hata kwenye mipangilio. Nimebadilisha waya na adapta, nikajaribu na TV ya jirani, wapi! Nasikia tundu la skrini ya nje limeungwa kwenye AMD tu. Je, adapta ya USB ya DisplayLink, ile inayopitisha picha kwenye USB badala ya tundu la skrini, itasaidia? Na kwa USB 2.0 ya mashine hii, ile ya zamani ya kasi ndogo, video si zitakwamakwama? Nataka kuonyesha slaidi na klipu fupi kwenye semina, Nyegezi.