Rovu lina vinundu, TSH iko sawa: kisu au dawa?

Mkaazi wa Kisauni
Asalaam aleikum. Mamangu ana miaka 58, uzani kilo 70. Rovu lake, yaani uvimbe wa tezi ya shingo, ni la miaka mingi. TSH, homoni ya ubongoni inayoiamuru tezi hiyo ifanye kazi, ni 1.8 (kawaida ya maabara ni 0.4 hadi 4.0). Ultrasaundi imeonyesha vinundu pande zote mbili, kikubwa kina sentimita 4. Akilala chali hupumua kwa taabu, na ugali humkwama. Jirani amemletea unga wa mwani wa Kwale. Duka la dawa nalo limesema ameze levothairoksini, homoni ya tezi iliyo kidonge, rovu litasinyaa. Je, kisu chaepukika?

Tabibu wa shingo
Waaleikum salaam. Mwani uwekeni kando leo hii, umejaa aidini. Mtu mzima ahitaji maikrogramu 150 tu za aidini kwa siku, na chumvi ya madukani Kenya hutiwa aidini kwa sheria. Vinundu vya miaka mingi huweza kufanya kazi vyenyewe bila kungoja amri ya TSH. Ukivimwagia aidini vitatoa homoni kupita kiasi: moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, mwili kukonda.

Levothairoksini nayo hapana. Ili ilisinyaze rovu, lazima TSH ishushwe chini ya kawaida, na kwa umri wake gharama hiyo hulipwa na moyo na mifupa. Faida yenyewe ni ndogo, na akiacha dawa rovu hurudi. Kabimazoli, dawa nyingine ya tezi, ni ya tezi inayotoa homoni nyingi; yake haitoi.

Mwambie anyanyue mikono yote miwili juu, iguse masikio, kwa dakika moja. Uso ukiiva wekundu au pumzi ikimbana, huenda rovu limeteremka nyuma ya mfupa wa kidari. Hapo aombewe CT, picha ya eksirei ya kompyuta, ya shingo na kifua, bila dawa ya kung'arisha picha, kwa sababu dawa hiyo imejaa aidini. Kinundu cha sentimita 4 kwa kawaida huchomwa sindano nyembamba kutolewa chembe. Majibu huja kwa madaraja 6 ya Bethesda, mfumo wa maabara wa kupanga chembe za tezi: la 2 ni salama, la 6 ni saratani, la 1 lamaanisha chembe hazikutosha, sindano irudiwe.

Kwa dalili hizo mbili ulizozitaja, upasuaji ndio jibu langu.

Mfamasia Likoni
Aidini ya mionzi ipo pia, kwa asiyeweza kustahimili nusukaputi. Hupunguza rovu kama nusu, lakini kwa mwaka mmoja hadi miwili, na siku za mwanzo tezi huweza kuvimba kidogo. Aliyebanwa njia ya hewa hana nafasi ya kungoja hivyo. Mjamzito na anayenyonyesha hawapewi kabisa.

Mkaazi wa Kisauni
Shukran sana. Tezi yote itatolewa? Na baada ya hapo?

Muuguzi wa wodi ya upasuaji
Vinundu vikiwa pande zote, mara nyingi hutolewa yote. Kabla ya siku yenyewe, kamba za sauti zikaguliwe kwa kamera, na daktari aambiwe kuhusu aspirini au dawa yoyote ya kufanya damu iwe nyepesi.

Saa 24 za kwanza ndizo za kukodoa macho. Damu ikivuja ndani, shingo hukaza na kuvimba, sauti hubadilika, pumzi hukata. Muuguzi aitwe papo hapo. Mshono hufunguliwa pale pale kitandani.

Siku ya kwanza hadi ya tatu, muulizeni kama midomo na ncha za vidole vinamwasha kama sindano. Nyuma ya tezi kuna vitezi vinne, kila kimoja mfano wa punje ya mchele, vinavyotunza kalsiamu. Vikiguswa hulala kwa muda. Kwa kawaida hupewa kalsiamu, mara nyingine na vitamini D ya kalsitrioli, na damu hupimwa tena.

Levothairoksini sasa ndiyo ya maisha: maikrogramu 1.6 kwa kila kilo kwa siku, yaani kama 112 kwake. Ameze kwa maji matupu, saa nzima kabla ya chai. Kalsiamu na vidonge vya madini ya chuma vikae mbali nayo saa 4, la sivyo dawa haifyonzwi. TSH ipimwe wiki ya 6 hadi ya 8, kisha kipimo kirekebishwe.