Peter Alliss: alifikaje kwenye kipaza sauti cha BBC, na alikuwa akitangaza vipi?

Kijiti7
Wakuu, habari zenu. Naandaa makala ya redio ya dakika 15 kuhusu Peter Alliss, mtangazaji wa gofu wa BBC aliyefariki Desemba 2020. Nimekwama pahali patatu. Kuna wanaosema aliwahi kutwaa The Open, yaani mashindano ya wazi ya Uingereza, wengine wanakataa. Halafu, aliingiaje kwenye utangazaji wakati bado anacheza? La mwisho ndilo linaloniumiza kichwa zaidi: mtu ameketi kibandani, wachezaji 156 wametawanyika kwenye mashimo 18, anatangazaje bila kuchanganya mambo? Mwenye uhakika anisaidie, sitaki kurusha uongo hewani.

Mashimo18
Mkuu, The Open hakuitwaa. Alichofikia ni nafasi ya nane, zaidi ya mara moja. Lakini usimwandike kama mchezaji wa kawaida aliyebahatika kupata kazi ya televisheni. Alitwaa ubingwa wa PGA wa Uingereza mara tatu (1957, 1962, 1965). Mwaka 1958 alishinda mashindano ya wazi ya Italia, Hispania na Ureno katika wiki tatu zinazofuatana. Kombe la Ryder, mashindano ya timu ambayo wakati huo yalikuwa Uingereza dhidi ya Marekani, alicheza mara nane kati ya 1953 na 1969, na mwaka 1963 kule Atlanta alimfunga Mmarekani Arnold Palmer ana kwa ana, wakati Palmer yuko kileleni.

Gofu ilikuwa ya nyumbani kwao. Baba yake, Percy, naye alicheza Kombe la Ryder. Peter alizaliwa Berlin tarehe 28 Februari 1931 kwa sababu baba yake alikuwa mwalimu wa gofu katika klabu ya Wannsee.

Kitu ambacho ningekiweka mwanzoni kabisa mwa makala ni Wentworth 1953. Alliss ana miaka 22, Kombe la Ryder lake la kwanza, anacheza dhidi ya Mmarekani Jim Turnesa, wamefika shimo la 18. Mpira wake uko pembeni tu ya grini, lile eneo la nyasi fupi lenye shimo. Kutoka hapo alitumia mikwaju minne, ukiwemo wa kusukuma mpira uliokuwa karibu kabisa na shimo, akaukosa. Alipoteza kwa shimo moja, na Marekani ikashinda kwa 6½ dhidi ya 5½. Baadaye, miaka ya 1960, akapatwa na yips, ile hali ya mikono kugoma au kuruka yenyewe mchezaji anapotaka kusukuma mpira mfupi. Kupiga mpira mrefu aliweza vizuri tu. Kilichomwondoa mashindanoni mapema ni futi nne za mwisho. Kwa hiyo ukimsikia akitangaza mtu anayetetemeka juu ya mpira wa futi nne, hakuwa anabahatisha.

BiNuru
Naongezea kwenye swali la pili. Mwaka 1960 produsa wa BBC, Ray Lakeland, alimsikia kwenye ndege akipiga soga na mwenzake kuhusu mashindano waliyotoka kucheza. Akaona jinsi anavyosimulia kunafaa televisheni. Mwaka uliofuata, The Open ikiwa Royal Birkdale, Alliss alicheza mashindano yenyewe na pia akatangaza. Siku hizi mtu huacha kwanza kucheza ndipo akaketi kibandani. Yeye aliunganisha vyote viwili kwa miaka.

Usimsahau Henry Longhurst, mwandishi wa gazeti la Sunday Times, ambaye ndiye aliyekuwa sauti kuu ya gofu BBC kabla yake. Longhurst alisifika kwa kunyamaza. Alipofariki mwaka 1978, Alliss akawa mtangazaji mkuu, na akatangaza pia kwa televisheni ya ABC ya Marekani. Nje ya kibanda alichora viwanja pamoja na Dave Thomas, kikiwemo Brabazon pale The Belfry, ambacho Kombe la Ryder limechezwa mara nne. Watu wengi wanaotazama marudio ya Kombe la Ryder la 1985 hawajui kwamba uwanja wanaouona ameuchora yeye.

WayaWaKati
Nijibu lile la kibanda. Kosa la kwanza ni kudhani mtangazaji anatazama uwanja. Anatazama skrini. Hata kama dirisha liko juu ya grini ya 18, sehemu kubwa ya kazi iko kwenye skrini mbili au tatu: ile inayokwenda kwa watazamaji, picha inayofuata, na ubao wa matokeo. Hachagui picha. Mwongozaji ndiye anayekata, na sauti ya chumba cha uongozaji inamwingia sikioni wakati yeye mwenyewe anaongea: "tunakwenda la 14, mkwaju wa pili". Ana sekunde mbili tatu za kumtambua mchezaji, kukumbuka yuko ngapi chini ya pa (idadi ya mikwaju iliyopangiwa uwanja), na kuanza sentensi.

Makosa hutokea hapa. Vikundi 52 vya watu watatu haviwezi kuonyeshwa vyote moja kwa moja, kwa hiyo mikwaju mingi imerekodiwa dakika chache nyuma. Ubao wa matokeo unaweza kuwa tayari unajua mpira umeingia. Mtangazaji akisoma ubao kabla ya picha, amemnyima mtazamaji utamu wote. Dawa yake ni nidhamu: tangaza kilicho kwenye picha ya watazamaji tu.

Hali ya mpira ulipolala, upepo na namba ya fimbo huletwa na mwenzake anayetembea na wachezaji, akinong'ona. Umbali unatajwa kwa yadi. Kwa wasikilizaji wetu zidisha kwa 0.914, kwa hiyo yadi 150 ni kama mita 137. Wengi husoma yadi wakasema mita, na hapo mchezaji anaonekana amepiga kwa nguvu za ajabu.

Kuhusu sauti, BBC walitumia kipaza sauti cha kushika mkononi chenye kijiupau kinachogusa mdomo wa juu. Kile kijiupau kinafanya umbali usibadilike, na kelele za nje hazipenyi sana, kwa hiyo mtu anaweza kuongea polepole, karibu kunong'ona, bado asikike vizuri. Ule utulivu wa Alliss ulikuwa kipaji, ndiyo, lakini kifaa nacho kiliubeba.

Mfano wa kusikiliza ni The Open ya Carnoustie 1999. Jean van de Velde anaingia shimo la mwisho akiongoza kwa mikwaju mitatu. Hata mikwaju sita kwenye shimo hilo ingemtosha. Mkwaju wa pili unagonga jukwaa na kurudi kwenye nyasi ndefu, wa tatu unatumbukia kijito cha Barry Burn. Anavua viatu na soksi, anakunja suruali, anaingia majini. Alliss hapo hakufundisha gofu. Aliuliza kama mtu wa nyumbani, anafanya nini huyu jamani, akataka mtu aende kumzuia, ampe brandi kubwa na kumfuta jasho. Kisha akaacha picha iseme. Van de Velde alimaliza kwa saba, na Paul Lawrie akashinda baada ya mashimo ya nyongeza.

BiNuru
Kijiti7, usiache upande mwingine. Mwaka 2015 kwenye The Open pale St Andrews, Zach Johnson akiwa juu ya mpira wa kushinda, Alliss alisema kitu kuhusu mke wa mchezaji kuwaza jiko jipya atakalopata mpira ukiingia, na watazamaji wakalalamika. Mwaka uliofuata, klabu ya Muirfield ilipokataa wanawake kwenye kura, alisema wanaotaka kuingia waolewe na wanachama. Yalikuwa maneno ya kuwaumiza wanawake wanaocheza gofu, na makala ikiyaficha haitakuwa ya kweli.

Kijiti7
Asanteni sana. Swali dogo: nikitaka kukata sehemu ya sauti yake, nikate wapi?

WayaWaKati
Usikate kwenye maneno peke yake. Anza sekunde tano kabla ya kuongea na malizia mpira ukishasimama. Mpira wa mkwaju mrefu unakaa hewani kama sekunde sita, na hapo wengi waliozoea kutangaza soka hujaza maneno. Yeye alikuwa amemaliza kuongea kabla fimbo haijainuliwa. Ukiondoa ule ukimya ili kubana dakika, utakuwa umemkata Alliss mwenyewe.