Yule fundi wa Ngamiani kanichomolea waya mbele ya mama mkwe!!!

MgosiWaChuda:
Wana Tanga, chai sijanywa, naandika mikono inatetemeka. Yule fundi. Simtaji, mnamjua, yule wa Ngamiani mwenye kofia ya njano na maneno mengi. Leo kaingia kwangu, kachomoa waya mbele ya mama mkwe, kacheka. KACHEKA wakuu! Kicheko kimevuka mkondo kimefika Pemba.

Shida yangu ilikuwa ndogo. King'amuzi cha zamani nimekiacha sebuleni kwa kazi ya redio tu. Mama mkwe miguu inamsumbua, yuko chumba cha uani, anataka idhaa ya Qur'ani ya setelaiti ambayo kwenye FM haipo. Bluetooth ikikutana na ukuta wa mawe inakufa hapo hapo. Nikasema sauti itoke king'amuzi kwenye yale matundu mekundu na meupe, iingie kompyuta, programu ya kurushia redio ya Icecast iirushe kwa WiFi ya humu humu ndani, mama aifungue kwenye simu yake. Programu nimeshaiweka, anwani ninayo, mlango wake wa mtandao, 8000, uko wazi kwenye kompyuta. Waya tu ndio ulikatika kichwa, nikamwita aje anilehemie. Waya!

Kalehemu, sawa. Kisha kajitia kuuchomeka mwenyewe, kwenye tundu la pinki. La maiki! La bluu, la kuingizia sauti, liko pembeni linamtazama. Maiki imetengenezwa kukuza sauti ndogo, ukiipa sauti ya king'amuzi lazima ipasuke. Ikapasuka. Jamaa anasema, "WiFi yako mbovu, halafu hii inakula bando." Bando gani? Sauti inatoka kompyuta, inapita kwenye ruta, inaingia kwenye simu, nje ya nyumba haitoki! Kata intaneti yote, redio itaendelea kusoma. Kilobiti 128 kwa sekunde, saa nzima haifiki MB 60, na zote zinazunguka baina ya sebule na uani.

Namweleza kwa adabu, ndipo akachomoa waya. Akamgeukia mama: "Mama, mkweo anafungua kituo cha redio, TCRA, wale wa mamlaka ya mawasiliano, watakuja kumbeba. Mwambie akununulie ya betri." Akacheka. Mama wa watu kaniuliza taratibu kama kweli nitafungwa!! Kituo cha kurushia umma ndicho kinachotaka leseni, redio ya kusikiliza chumbani kwako inataka leseni ya nani? Waya kachomoa, kacheka, na elfu kumi na tano yangu kaondoka nayo. Mbele ya mama mkwe!

KijanaMakorora:
Mkuu, hasira zote hizi za tundu la pinki? Si ungehamisha waya kwenye la bluu yaishe.

MgosiWaChuda:
Tundu nimeshahamisha, sauti safi kabisa, mama anasikiliza sasa hivi. Nazungumzia KICHEKO. Wewe ungechekwa mbele ya mkweo ungenyamaza?

BintiRaskazone:
Kofia ya njano? Huyo huyo! Kafunga dishi langu kwa skrubu za ajabu, huku baharini chumvi ikazila zote, dishi likaangukia banda la kuku. Kumpigia ananiambia upepo.

FundiMwenzake:
Mgosi, akija mwingine na kompyuta isiyo na tundu la bluu, mwambie anunue kadi ya sauti ya USB yenye tundu la kuingizia sauti. Na sauti ya mama ikichelewa sekunde kadhaa kuliko ya sebuleni asishtuke, simu inajiwekea akiba ya sauti kabla ya kuanza kucheza.

KijanaMakorora:
Kuchelewa ndiko kunaniua! Mpira nausikiliza kwenye simu, jirani ana FM, goli analishangilia yeye kwanza. Anafanya makusudi.

MzeeWaMabawa:
Sie tulikuwa na redio za WorldSpace, kiantena unakielekeza angani basi. Setelaiti ya AfriStar ilirushwa 1998, kampuni ikafilisika 2008, sauti zikazimika. Yangu nimeitunza kabatini, shemeji kaiuza kwa wa vyuma chakavu bila hata kuniambia. Shemeji huyo ndiye anastahili uzi.

MgosiWaChuda:
Jamani, rudini kwenye mada. Kachomoa waya mbele ya mama mkwe!

MamaChumbageni:
Mgosi tumeshakusikia. Miye nina kunguru wanaokaa kwenye kichwa cha dishi toka alfajiri, na mvua ikinyesha kidogo picha inaganda.

BintiRaskazone:
Kunguru wanafuata mti. Una mti karibu?

MamaChumbageni:
Mwembe wa jirani. Tawi limeingia kwangu limeziba dishi kabisa, nikimwambia akate ananiuliza mbona msimu wa maembe silalamiki. Kuna anayejua sheria?

MzeeWaMabawa:
Dodo au bolibo?

MamaChumbageni:
Bolibo.

MzeeWaMabawa:
Hamisha dishi.