Bembea za Sahare

[Kundi: UKOO WA BABU SAHARE. Jumamosi jioni]

Hamza: Asalaam aleikum jamaa. Picha hiyo ya sasa hivi. Nguzo ya bembea iliyokuwa imebaki kiwanjani kwa babu nayo imelala. Kutu imeila mpaka ndani, ukiigusa inamung'unyika kama kashata

Shangazi Mwana: Waaleikum salaam. Nguzo ile alichomelea marehemu baba kwa mkono wake. Idi pili foleni ilikuwa ikifika barabarani

Ami Bakari: Ndiyo nisemayo kila siku. Kiwanja kile hakizai ila kutu. Mtu yupo na amefika bei. Idi hii tukikaa tulimalize

Salim: Shikamooni wote. Ami, leo nilikuwa Coney Island, ufukweni mwa huku New York. Unapanda treni mpaka kituo cha mwisho, ukishuka tu unasikia harufu ya bahari

Salim: [picha]

Da Zuhura: Mnara gani huo mwekundu? Wa simu?

Salim: Wa kuteremkia na parachuti, dada. Una karibu mita 80. Ulikuwa kwenye maonyesho ya dunia ya 1939 hapahapa New York, 1941 ukahamishiwa pwani. Siku hizi haufanyi kazi, umeachwa usimame. Bustani ya michezo iliyokuwa hapo chini yake haipo tena

Da Zuhura: Mtu anapandishwa huko juu kwa hiari yake?

Salim: Na analipa

Shangazi Mwana: Hebu tueleze, mimi nakoroga uji huku

Salim: Mwenye bustani hiyo alikuwa George Tilyou, amekulia palepale pwani. 1893 akaenda fungate Chicago, kulikuwa na maonyesho makubwa, akaliona gurudumu la Ferris, lile kubwa la kuzungusha watu juu, akalitaka. Akaambiwa limeshauzwa. Akaagiza jingine, nusu ya lile. Akarudi kwao akasimamisha ubao: mahali hapa litajengwa gurudumu kubwa kuliko yote duniani

Hamza: 😂😂 huyo dalali wa viwanja kabisa

Ami Bakari: Huyo mfanyabiashara. Endelea

Salim: 1897 akazungusha uzio, akapaita Steeplechase Park. Tiketi ya pamoja senti 25, unapata michezo 25. Sifa yake ilikuwa farasi wa mbao juu ya reli, wanashuka mteremko wakishindana. Kijana na msichana wanapanda farasi mmoja, basi inabidi mmoja amshike mwenzake asianguke

Shangazi Mwana: Inabidi, nani kasema

Salim: Ngoja shangazi, kuna kubwa zaidi 😅 Ukishuka kwenye farasi njia ya kutokea inapita jukwaani. Upepo unapulizwa kutoka sakafuni, sketi zinaruka, kofia zinaruka, na mchekeshaji anakuchokoza na fimbo ya umeme. Walio vitini wanakufa kwa kicheko. Ukishamaliza kuaibika nawe unakaa, unawangoja wanaokuja nyuma yako

Shangazi Mwana: Astaghfirullah

Mama Tumu: Wifi, mbona hiyo ni unyago! Mwaka huu unachezwa unalia, mwaka wa pili wewe ndiye uliyekaa mkekani unacheka 😂😂

Shangazi Mwana: Mama Tumu kundi hili lina wanaume

Mama Tumu: Samahani wifi. Wanaume fumbeni macho

Salim: 1907 pakaungua karibu pote. Inasemwa ni kipisi cha sigara. Kesho yake Tilyou akabandika ubao mwingine: kuingia kutazama magofu yanayowaka, senti 10

Ami Bakari: Mtu huyu nampenda mno

Hamza: Ami usije ukatutoza kuitazama nguzo

Salim: Akajenga upya, safari hii ukumbi mkubwa wa chuma na vioo, mvua ikinyesha watu wanacheza ndani. Yeye alifariki 1914, watoto wakaendeleza. Baadaye treni za chini ya ardhi zikafika pwani kwa nauli ya senti 5. Hapo ndipo vibarua, wafua nguo, wahamiaji waliokuwa hawajui Kiingereza, wote wakaanza kuja na watoto. Jumapili ya joto mchanga ulikuwa hauonekani kwa watu. Bustani jirani yao, Luna Park, iliungua 1944, wao wakaendelea mpaka 1964

Da Zuhura: Na wao waliungua?

Salim: Hapana. Walifunga. Watu walikwishanunua magari, wakapata fukwe nyingine za mbali. Televisheni imeingia majumbani. Mtaa wenyewe ukaanza kuogopwa usiku. Na mwaka uleule akafa Frank, mtoto wa Tilyou aliyekuwa akiisimamia

Ami Bakari: 1964. Mwaka huo mimi mtoto wa shule Amboni, marehemu yuko korona, mashine ya kukamua mkonge, zamu ya usiku. Mkonge wa nchi hii ulipita tani 200,000 mwaka ule, siku hizi haufiki hapo. Meli zinangoja bandarini. Ikaja kamba ya nailoni, mkaona. Kitu kikipitwa na wakati hakibembelezwi. Huyo mwana wa Tilyou hakukosea kufunga

Salim: Kufunga sina neno ami. 1965 Marie, dada yake Frank, akakiuza kiwanja kwa Fred Trump

Hamza: Trump??

Salim: Babake. Alitaka kujenga maghorofa pale ufukweni. 1966 akafanya tafrija ya kubomoa. Akaalika watu, akaleta wasichana wa mavazi ya kuogelea wapigwe picha, wageni wakapewa matofali wavurumishe kwenye vioo vya ule ukumbi

Da Zuhura: Subhanallah. Tafrija?

Shangazi Mwana: Walialikwa kuvunja?

Salim: Ndiyo shangazi. Na ruhusa ya maghorofa jiji likamnyima. Kiwanja kikalala. Uwanja wa besiboli uliopo sasa ulifunguliwa 2001

Ami Bakari: [Ujumbe huu umefutwa]

Shangazi Mwana: Bakari, nimeuona kabla hujaufuta. Mtoto hajakutukana

Shangazi Mwana: Huyo mtu wako aliyefika bei, anataka kujenga nini?

Ami Bakari: Sijamuuliza dada. Hela yake haina maswali

Shangazi Mwana: Muulize

Ami Bakari: Nitamuuliza. Na mimi nina swali langu. Mwaka jana tulisema kila mtu 20,000 tukarabati bembea. Orodha ninayo. Aliyetuma ni mmoja, Mama Tumu, na yeye kaja kwetu kwa ndoa. Salim upo Brooklyn, huko New York, unapiga picha minara ya watu. Bembea ya babu yako ilikufikia kwenye simu mara ngapi?

Mama Tumu: Ami jamani, msinitaje

Da Zuhura: 🤐

[dakika 40 bila ujumbe]

Salim: Kweli ami. Sikutuma. Nilidhani wengine wametuma

Ami Bakari: Wote walidhani hivyo

Shangazi Mwana: Hati anayo nani?

Ami Bakari: Ninayo mimi, kwenye sanduku la marehemu

Shangazi Mwana: Idi mosi baada ya chakula ije nayo kwangu Ngamiani. Siyo nakala. Na bei hiyo niisikie kwa mdomo wake mnunuzi. Hamza, nguzo iondoe leo hii, watoto wa jirani wasije wakajikata

Hamza: Nimechelewa shangazi. Nimerudi sasa hivi nimekuta wameshaisukumia pembeni, wamefunga kamba kwenye mvinje. Wako kama wanane, wanasukumana zamu

Hamza: [video]

Ami Bakari: Kamba gani hiyo?

Hamza: Nailoni ami. Ya madau

Ami Bakari: Itawachuna mikono hiyo. Pita kwangu, stoo kuna kamba ya katani, nyuma ya baiskeli. Nzima kabisa