Naomba kuelekezwa: tafiti kuhusu elimu ya utatuzi wa migogoro skulini zinapatikana wapi?

Mtafuta Njia, Wete
Assalaam alaykum ndugu zangu. Naandika tasnifu kuhusu kuwafunza wanafunzi wa sekondari kusuluhishana wenyewe kwa wenyewe, na msimamizi wangu ameirejesha sura ya pili akisema nimesimulia tu, sikuonyesha tafiti zilizotangulia. Muda umenibana na usingizi siupati. Nitazipata wapi bila ya kulipia?

Karafuu Kavu
Wa alaykum salaam. Ya nini kwenda mbali? Maridhiano ya kisiasa yalianza hapa hapa Zanzibar mwaka 2009, na kura ya maoni ya Julai 2010 ikatuletea Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Andika hayo.

Bi Tunguu
Hayo ni ya viongozi, naye ameuliza ya watoto. Mwalimu, anzia ERIC, hazina ya maandishi ya elimu inayoendeshwa na serikali ya Marekani. Kutafuta ni bure, na unaweza kuchuja ubakishe yenye matini kamili. Kisha tafuta mapitio ya mwaka 1996 ya David na Roger Johnson wa Chuo Kikuu cha Minnesota, ambao walieleza kuwa wanafunzi waliofunzwa mbinu za kusuluhishana huelekea kuzitumia na kesi zinazofika kwa walimu hupungua, ingawa hawakuzificha kasoro za tafiti walizozipitia. Ila hukusema data umeikusanya wapi.

Mtafuta Njia
Katika skuli moja ya hapa Pemba.

Bi Tunguu
Jina la skuli silitaki. Wewe pale una cheo gani?

Mtafuta Njia
Mimi ndiye mwalimu wa nidhamu. Wasuluhishi niliwachagua mwenyewe na hojaji walizijaza ofisini kwangu, jambo ambalo silioni ubaya, kwani nani anawajua kunishinda? Kesi katika daftari langu zimepungua, na sura ya nne nimeshaimaliza.

Mzee wa Dahalia
Na bakora ilikuwa mezani au umeitundika ukutani? Sisi tuligombania ndoo ya maji, mwalimu akatukumbatisha mbele ya skuli nzima, na usiku tukapigana upya nyuma ya jiko. Daftarini tuliandikwa kuwa tumepatana.

Msema Kweli
Muogopeni Mungu. Kisa hiki kimetungwa ili walimu wa nidhamu wachekwe. Nani anamaliza sura ya nne kabla ya ya pili?

Mtafuta Njia
Sina haja ya kutunga. Daftari lina safu za tarehe, jina, darasa, kosa na adhabu, na limeanza kuchanika kwenye mshono.

Bi Tunguu
Mimi namwamini, lakini katika safu hizo sikuona ya suluhu. Mtoto anayekuogopa huacha kuja kushtaki, na kesi hupungua vilevile. Mwombe mwalimu asiyehusika na nidhamu azigawe hojaji upya, bila ya majina.

Mtafuta Njia
Kuzigawa upya haiwezekani, skuli inakaribia kufunga. Nitaongeza aya ya mipaka ya utafiti. Hayo mapitio ya 1996 nimeona muhtasari wake tu. Matini kamili naipataje?

Bi Tunguu
Yamo JSTOR, hazina ya mtandaoni ya majarida ya kitaaluma. Waulize wakutubi wa chuo chako kama wamejiunga. Na skuli ikifunguliwa, hojaji zigawe.